Mlango Nilioufuta kwenye Ramani

Vijana wangu,

Siku ile mlipofika kwangu Nyakoe na vile vipimo vyenu vinavyorusha taa nyekundu ukutani, nilicheka mbele yenu, na sijutii. Mimi nimejenga katika mji wa Kisii kwa zaidi ya miaka thelathini nikitumia kamba, timazi na mpira wa maji wa kupimia usawa, na nyumba zangu zimesimama. Moja imeinama kidogo, lakini hiyo mteja alilazimisha. Mwalimu wenu wa chuo alikuwa amewatuma mwandike historia ya mji kwa kutazama majengo na mitaa yake, na mtu fulani akawaambia kuna mzee anaitwa fundi Ombati ambaye huongea na kuta. Uongo huo. Mimi huzigonga tu, kisha hunyamaza nisikie.

Baadaye mmoja wenu, Kemunto, akaniomba niandike yale niliyowaeleza tukitembea, na yale niliyokataa kueleza. Basi nimeandika. Nawaonya mapema kwamba humu mna habari ya mlango mmoja nilioufuta nikiwa kijana, na mzee mmoja aliyekosa pa kukaa kwa mwanawe kwa sababu yangu, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokuja kukaa kwenye ngazi za nyumba ya mwanangu nikisikiliza mjukuu wangu akikua upande wa pili wa ukuta. Anayetaka habari za saruji peke yake anaweza kuruka kurasa.

Tulianzia chini, Daraja Mbili, mnakumbuka, kwa sababu mji wetu husomwa kutoka chini kwenda juu. Kisii hakuna tambarare. Mkiona jengo la ghorofa tatu kando ya barabara, zungukeni nyuma mhesabu tena. Mtakuta ghorofa mbili zaidi ziko chini ya barabara, na wenyeji wake huenda nyumbani kwa kushuka.

"Sasa hao wanaishi kwa shimo?" Brian akauliza.

Brian ni wa kwao Kakamega, nikamsamehe. Nikampeleka nyuma akaona madirisha ya wale wa chini yakitazama bonde zima, migomba na majani chai hadi ng'ambo. Wa juu wao wanatazama duka la simu. Akaandika hilo kwenye daftari lake, nami nikafurahi, kwa kuwa kitu cha kwanza cha kuuliza jengo lolote ni linatazama wapi.

Kwenye barabara kuu niliwaambia mwinue macho. Sehemu ya chini ya majengo ya zamani haina historia tena. Kila mwenye duka ameweka vioo vyake, vigae vyake na bango lake. Juu hakuna anayepoteza rangi. Ndiyo maana mkaona, juu ya duka la viatu, maua ya saruji yaliyofinyangwa kwa mkono, na jina la Mhindi aliyejenga likiwa limetolewa nusu kwa tindo. Aliyekuwa akilitoa nadhani alichoka, au aliitwa chakula.

Mkaona pia zile nguzo nene za mawe, na Kemunto akauliza mbona zimesimama katikati ya maduka badala ya nje. Ni kwa sababu zamani zilikuwa nje. Pale palikuwa varanda pana, mtu aliweza kutoka kona moja ya mji hadi nyingine mvua ikinyesha bila kulowa bega. Waliojenga zile varanda walikaa hapa kwanza, wakaona mvua ya Kisii inavyokuja saa tisa kama mtu aliyeajiriwa, ndipo wakachora. Sisi tuliokuja baadaye tukaziziba tukazifanya vibanda. Nasema sisi kwa sababu varanda mbili kati ya hizo niliziziba mimi. Siku tuliyotembea mvua ilitukuta palepale, tukasimama mbele ya kazi yangu tukilowa.

Ufundi nilifunzwa na mzee Rajabu wa mtaa wa Nubia. Wazee wake waliletwa huku na jeshi la mkoloni wakabaki, na nyumba za mtaa ule mliziona: fupi, pana, zenye ua ndani, baraza mbele. Huyo mzee hakuwa na shule hata ya siku moja, lakini alichukua tofali mbili mikononi, akazigonganisha, akasema hii imeiva na hii bado. Tofali iliyoiva hulia. Ambayo haijaiva hutoa sauti ya mtu anayegonga viazi. Nilipoanza kazi nilizileta mbichi nyingi kutoka kwa tanuri moja huko Kiogoro, kwa kuwa mwenye tanuri alikuwa shemeji yangu. Rajabu hakunigombeza. Aliziloweka kwenye pipa tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, zilikuwa zimegeuka matope.

"Ombati," akasema, "kamsalimie shemeji."

Ni yeye pia aliyenifundisha kutafuta milango iliyozibwa. Hilo nimewaonyesha lakini nalirudia, kwa sababu ndilo litakalowafaa zaidi kuliko taa zenu. Mlango ukizibwa, fundi hujaza tofali na kupaka plasta, lakini linta, ule mhimili wa zege juu ya mlango, huiacha palepale. Plasta hupasuka kwenye pembe za ile linta, ufa mwembamba ukienda kwa mshazari. Halafu angalia chini nje ya ukuta. Mara nyingi utakuta jiwe bapa limechakaa katikati, mahali ambapo hakuna anayekanyaga. Ni nani aliyekuwa akikanyaga hapo, na kwa nini mtu aliamua aache? Ukipata majibu hayo mawili umepata habari za familia nzima, bila kumuuliza mtu jina.

Sasa ngazi. Jengo lile la ghorofa nne kule Jogoo, la mama Moraa anayeuza vitambaa sokoni, nililisimamia mimi kuanzia msingi hadi bati. Nilikuwa fundi mkuu wakati huo, sina kisingizio. Siku tuliyomwaga zege ya ngazi za kwenda ghorofa ya tatu nilikuwa naumwa jino, na kipandio cha saba kikatoka juu kuliko wenzake kwa upana wa kidole. Hutakiona kwa macho. Lakini simama pale asubuhi moja. Anayeishi pale huinua mguu vizuri bila kujua kwamba anauinua. Mgeni hujikwaa. Mama Moraa aliniambia amewahi kumjua mwizi kwa njia hiyo, nikamwambia basi sijakosea, nimemwekea mlinzi. Brian alijikwaa mara tatu, kupanda mara mbili na kushuka mara moja, nikaona huyo hata akiwa mwizi hatafika mbali.

Nacheka, lakini nimelitaja jengo hilo kwa sababu tutarudi pale.

Tulipopanda Nyamage ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, sijui. Nilikuwa nimepanga tupite nyumba ya mwalimu Momanyi haraka, niwaonyeshe bomba la moshi, twende. Ni nyumba ya kwanza kabisa niliyojenga bila Rajabu. Mwalimu mwenyewe ni mzee sasa, alikuwa ndani akisikiliza redio, akatupungia mkono dirishani. Lakini Kemunto alibaki ubavuni mwa nyumba akitazama kile chumba cha pembeni.

"Mzee, hii ni stoo ya mahindi?"

"Ni stoo."

"Mbona stoo iko na dirisha kubwa hivi? Na mlango wake wa kutoka nje?" Akachungulia. "Na floor nyekundu, imepakwa polishi. Hakuna mtu anapakia mahindi polishi." Akagonga ukuta kwa kidole, kama nilivyomfundisha saa mbili kabla. "Na hii iliongezwa baadaye. Tofali zake si za nyumba. Mzee, hii haikuwa stoo."

Nikawaambia twende, mvua inakuja. Mbingu ilikuwa nyeupe pe. Nafikiri mlijua.

Haya, ndiyo haya sasa.

Momanyi alikuwa ndiye mwalimu kijana wa kwanza katika ukoo wao, ametoka kuoa, na baba yake, mzee Nyakundi wa Kiogoro, alimpa baraka ajenge karibu na mji. Mwalimu alichora ramani mwenyewe kwa rula ya shule. Ilikuwa ramani nzuri. Mbele palikuwa na varanda, na kando ya varanda chumba kidogo chenye mlango wake. Mimi nilikuwa nimejitenga na Rajabu mwezi huohuo na nilitaka kuonekana fundi wa kisasa. Nikamwambia, "Mwalimu, tukiondoa hiki chumba na hii varanda, sebule yako itaingia watu thelathini. Nyumba ya siku hizi ina mlango mmoja mkubwa mbele." Akasitasita kidogo, akasema sawa. Nikatoa raba nikafuta. Nakumbuka nilipuliza yale makombo ya raba kutoka kwenye karatasi.

Brian, kwako hapa nieleze. Kwetu kuna heshima tunaiita ensoni. Mwanao akishaoa, nyumba yake ni yake na mkewe, na wewe baba, tata kwa lugha yetu, huingii. Si ugomvi. Ni kinyume cha ugomvi, ni namna ya kumwambia kwamba sasa yeye ni mtu mzima na faragha yake huigusi. Mama ataingia na kutoka, lakini baba atakaa nje, varandani, au kwenye chumba chenye mlango wake mwenyewe, na chakula kitamfuata huko. Siku hizi wengi wameacha. Mchungaji wetu mwenyewe huingia kwa mwanawe akalala kwenye kochi, na simhukumu. Lakini mimi sijaacha, na mzee Nyakundi hakuwa mtu wa kuacha.

Mtauliza, ninyi wawili Wakisii wazima, mwalimu na fundi, mlisahauje? Tulisahau kwa sababu mzee alikuwa ndani kila siku. Alikuja kutoka Kiogoro kwa miguu kila asubuhi ya ujenzi. Alitubebea maji, alilowesha kuta jioni ili saruji ishike vizuri, alisimama katikati ya kile kitakachokuwa chumba cha kulala akala muhogo. Alijua kila pembe ya nyumba ile kuliko mwalimu. Tulimzoea humo. Hatukukumbuka kwamba kuta bila bati na bila mke si nyumba ya mtu bado, na mzee aliingia kwa sababu hiyo tu.

Kama mwezi mmoja baada ya wao kuhamia nilipita kurekebisha bawaba ya dirisha. Mvua ilikuwa imeshaanza. Nikamkuta mzee Nyakundi amesimama uani, mgongo ameuegemeza ukutani, mkungu wa ndizi miguuni. Upenu wa bati nilikuwa nimeufupisha pia, kwa usasa uleule, kwa hiyo maji yote yalimwangukia mabegani. Mlango mkubwa wa mbele ulikuwa wazi. Mke wa mwalimu alikuwa ndani, karibu na meza, analia kimya, ameshika kiti mikononi na hajui akiweke wapi. Akikiweka ndani, mzee hawezi kukikalia. Akikiweka nje, ni matope.

Nikasema, "Mzee, ingia tafadhali. Hii mvua itakuua."

Akanitazama bila hasira. "Omwana one," akasema, yaani mwanangu, "mimi hapo ndani niliingia mpaka ile siku uliweka mlango." Kisha akauliza kama ndizi ziko mahali pakavu. Nikazisogeza mlangoni. Akaondoka, akashuka ile njia ya Kiogoro, na hakurudi tena.

Nilikwenda kwa Rajabu nikiwa nimelowa. Nilidhani atasema ni mambo ya Wakisii, yeye hayamhusu. Aliniacha nimalize, akasema, "Mimi nimejengea watu wenu tangu hujazaliwa. Kila mteja nilimuuliza mara mbili. Nani ataishi humu, na nani hataingia. Huyo wa pili ndiye anayekupa ramani." Aliendelea kunoa mwiko wake.

Kesho yake nilimwambia mwalimu nitamjengea mzee chumba cha pembeni, kwa mikono yangu, nikiunganishe na ubavu wa nyumba. Mwalimu alikubali bila kunitazama usoni. Nikachimba msingi, nikainua kuta hadi dirishani. Na hapo, vijana, ndipo palipo na kosa lenyewe, maana kufuta ulikuwa ujinga tu, na ujinga una dawa. Nilipata kazi Nyamache, safu ya vibanda vya soko, kazi kubwa yenye jina. Nikajiambia mzee atangoja, amengoja miezi miwili, mitatu si kitu. Nikaenda Nyamache. Nilirudi baada ya msimu mzima, nikamaliza kuta, nikaweka linta, nikapiga bati. Nilipokuwa nikipaka sakafu rangi nyekundu, mwalimu alikuja akasimama nje ya ule mlango.

"Fundi, malizia tu," akasema. "Lakini Tata ametuacha. Jana jioni."

Nilimalizia. Sikujua la kufanya lingine. Niliipiga polishi sakafu ile nikilia, nikaipiga mpaka nikaona uso wangu, na hakuna aliyewahi kuikanyaga kwa kazi iliyokusudiwa. Wakaja kuweka mahindi. Mwalimu hajawahi kunilaumu, na kila mara anaponipungia mkono dirishani natamani angenilaumu mara moja tuishe.

Ndiyo maana nilisema mvua inakuja.

Tangu siku hiyo sikujengea mtu kabla ya kumuuliza lile swali la Rajabu. Mkizunguka Mwembe na Nyanchwa mkaona nyumba ina chumba kidogo mbele chenye mlango wake, gongeni. Nyingi ni zangu. Wapangaji wamevifanya vinyozi na maduka ya mayai, lakini ninyi sasa mnajua ni vyumba vya akina nani.

Ila ghorofa zilipokuja, swali lilikosa pa kukaa. Mtu anakupa ramani ya vyumba ishirini kwa ajili ya wapangaji ambao hajawaona. Utamuuliza nani hataingia? Nilijenga kama ilivyochorwa. Lile jengo la mama Moraa nililijenga hivyo, mlango mmoja kila nyumba, ngazi katikati. Na kwa namna ya dunia hii, mwanangu Nyaribo alipopata kazi ya ofisi mjini na kuoa, akapanga nyumba ghorofa ya nne, jengo hilohilo. Naijua nyumba ile yote. Najua sinki iko wapi, na ufa mdogo ulio juu ya dirisha la chumba cha kulala, kwa kuwa nilijaribu kuufunika. Sijaikanyaga tangu siku ile nilipomkabidhi mama Moraa funguo.

Huwa naenda. Naamka mapema, napanda zile ngazi polepole kwa ajili ya goti, nakiruka kipandio cha saba, nakaa kwenye kile kieneo cha mbele ya mlango wao. Mkaza mwanangu ananiwekea kiti na stuli ya chai. Wapangaji wanapita na ndoo, tunasalimiana, nawapisha. Mke wangu Kerubo yeye anaingia na kuniletea habari kama mwandishi wa redio. Ameota jino. Ameshika kochi, amesimama. Mtoto wamempa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo mimi humwita Tata, kama nilivyomwita mwenye jina. Huletwa mlangoni nimbebe kidogo, kisha baridi ya ngazi inamfanya akohoe, wanamrudisha.

Wiki moja kabla ninyi hamjaja, nilikuwa nimekaa hapo nakunywa chai, nikasikia ndani watu wakipiga makofi. Kerubo akapiga kigelegele. Nyaribo akapaza sauti, "Ametembea! Ametembea!" Nikasimama na kikombe mkononi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Nilikuwa hatua mbili. Nilikaa tena. Nyaribo alipotoka mbio kuniambia, alinikuta nimekaa kwenye kiti, mpangaji mmoja akiniomba nisogeze mguu apitishe godoro. Furaha yake ikakatika usoni. Akasema, "Tata, pole." Nikamwambia asijali. Nilimdanganya.

Basi tulipofika jengo lile mwisho wa matembezi yetu, Brian akijikwaa na wote mkicheka, Kemunto alitazama kile kiti mbele ya mlango wa Nyaribo, na stuli, na alama ya duara ya kikombe juu yake. Hakuniuliza kitu ngazini. Aliniuliza tulipokuwa tukiagana barabarani.

"Sokoro," akaniita, yaani babu, "kile chumba cha Nyamage nadhani ulimjengea baba wa mwenye nyumba. Wewe nani alikujengea?"

Brian, ambaye Kemunto alikuwa amemnong'oneza maana ya kile kiti, akasema, "Si uingie tu, mzee. Siku hizi ni sawa."

"Wacha," Kemunto akamwambia. "Hata babu yangu haingii kwetu."

Mimi nikapanda gari kurudi Nyakoe, nikawa mkali kwa kila mtu siku tatu. Kerubo akaniuliza kama jino limerudi. Siku ya nne nikampigia Nyaribo simu, nikamuuliza kile kijistoo kilicho kushoto kwa mlango wao, kile cha kuweka makaa, wanakitumia?

"Kuna baiskeli mbovu tu. Kwa nini?"

"Ukuta wake mmoja uko upande wa ngazi."

Huyu kijana ni mhasibu lakini alikulia kwenye saiti zangu. "Tata," akasema, "huo ukuta haubebi kitu, ama?"

"Haubebi kitu. Niliujenga mimi."

Mama Moraa hakutusumbua. Nilimpata sokoni amekaa katikati ya vitambaa vyake, nikamweleza, akasema marehemu mumewe alikuwa akikaa ngazini vivyo hivyo kwa mwana wao Nairobi, kwenye ngazi za baridi zaidi. "Fungua mlango, fundi. Ila rangi utapaka wewe, na usiniletee tena ile kijani yako."

Tulifanya kazi hiyo Jumapili iliyopita asubuhi, baada ya Sabato yetu ya Jumamosi. Nilichora mstari kwa chaki upande wa ngazi. Nyaribo alikuwa ndani ya stoo, baiskeli ameitoa, mlango wa kati ya stoo na sebule ameufunga kama inavyopaswa. Sikumwona, naye hakuniona. Tuliongea kupitia ukuta.

"Nianze wapi?"

"Safu ya tano kutoka chini, tofali ya tatu kushoto. Ya kulia usiguse, kuna paipu ya stima. Gonga kwanza, niisikie."

Akagonga. Ililia vizuri. Rajabu angeipitisha.

"Sasa kata mota iliyo kati ya tofali, usipige tofali yenyewe. Polepole. Tuko nyumba ya watu."

Aliikata kwa tindo kwa robo saa nzima, nami nikaifuatisha kwa mwiko upande wangu. Vumbi lilianza kutoka mbele ya macho yangu, lile vumbi jekundu la tofali zetu. Tofali ikatikisika. Nikaishika kwa mikono miwili nikaivuta kwangu, ikaja nzima, nzito, na joto la nyumba ile likanipiga usoni kupitia tundu.

Nilidhani nitaona uso wa Nyaribo. Nikasikia mlango wa ndani ukisukumwa, na Nyaribo akisema, "Wewe, nani amekufungulia?" Halafu kupitia tundu ukatoka mkono mdogo, umejaa uji, ukapapasa ukingo wa ukuta nilioujenga, ukakipata kidole changu ukakishika.

"Bwakire, Tata," nikamwamkia, ndiyo salamu yetu ya asubuhi.

Nyaribo akauliza kutoka ndani kama atoe tofali ya pili. Nikamwambia angoje kidogo.